Jedwali Lisilorudi Nyuma

Haya nimeambiwa na mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, Jumamosi asubuhi jikoni kwangu, siku moja tu baada ya kutokea. Alikuja na basi la kwanza, hata chai hajanywa. Akaketi kwenye kigoda, akaweka mkoba miguuni, akaanza kucheka peke yake. Nilimwacha acheke. Mtu akikujia anacheka hivyo, ukimharakisha anakupa nusu ya habari.

"Bibi," akasema alipopata pumzi, "Babu yuko wapi?"

"Yuko uani, anazunguka kopo lake. Bado nusu saa ifike saa tatu."

"Basi nina nusu saa. Kaa, mke mwenzangu, na uweke hicho kisu chini."

Kisu kilikuwa cha vitunguu. Nilikiweka chini.

Kwanza nieleze hilo kopo. Uani kwetu, mbali na ukuta na mbali na kamba ya nguo, kuna kipimamvua. Ni kopo refu la bati lenye mdomo kama faneli, limefukiwa nusu ardhini na kuzungushiwa wavu kwa ajili ya kuku. Ni la idara ya hali ya hewa. Mume wangu ndiye mpimaji. Kila siku ya Mungu, saa tatu kamili asubuhi, hulifungua, humimina maji kwenye gilasi yenye namba, huinama mpaka jicho lilingane na maji, kisha huandika daftarini. Kama hakuna maji, huinama vilevile na kuandika sifuri. Mwisho wa mwezi hunakili yote kwenye fomu na kuipeleka posta. Amefanya hivyo miaka thelathini na moja. Siku ya harusi ya binti yetu, bwana harusi alisubirishwa mlangoni mpaka saa tatu na dakika tano.

Sasa, wiki tatu kabla ya Jumamosi hiyo, ilikuja barua kutoka makao makuu ya idara. Ilisema rekodi zote za vituo vyote themanini ziwasilishwe katika jedwali moja la kompyuta, faili moja, kabla ya saa sita mchana, Ijumaa ya wiki ya tatu. Kituo ambacho rekodi zake hazitaonekana humo kitahesabiwa kimekufa, na kifaa chake kitang'olewa.

Babu aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Kesho yake akabadili shati, na barua ikahamia shati jipya. Tangu hapo akawa halali. Nageuka kitandani nakuta upande wake wa baridi. Mchana namwambia jinyooshe kidogo, ananiambia hana usingizi, kana kwamba usingizi ni kitu cha kununua na duka limefungwa.

Na mtu aliyepewa kazi ya kutengeneza hilo jedwali ni nani? Huyuhuyu mjukuu wetu, anayeandika programu katika ofisi ya kumbukumbu za idara kule mjini. Nikamwambia Babu ampigie simu. Akakataa katakata.

"Nimgombanishe mtoto na wakubwa wake kwa sababu ya kopo?"

Alisema kopo, lakini nilimwona jinsi alivyolitazama kupitia dirishani.

Basi, mjukuu wangu akaanza.

Ofisini kwao kuna meza nne na kompyuta moja ya maana. Mkuu wao ni mzee mmoja wanayemwita Rula, mwenyewe akiwa hayupo. Zamani, kabla ya kompyuta, kazi yake ilikuwa kupiga mistari kwenye madaftari makubwa ya kumbukumbu kwa rula ya chuma. Madaftari yameondoka, rula bado anayo mfukoni mwa koti. Na imani yake haijabadilika: kisanduku kisicho na mistari pande zote nne si kisanduku, ni uwanja. Siku ya kumpa kazi mjukuu wangu alimsimamia nyuma ya kiti, akaamuru:

"Kila kisanduku kipigiwe mistari yake chenyewe. Kila kimoja kipakwe rangi yake chenyewe. Siku ya mvua buluu. Siku kavu kijivu. Siku ambayo mpimaji hakuandika, njano, tumwone. Na Maelezo yawe ya kijani."

"Maelezo nayo yaingie, Mzee?"

"Kila kilichoandikwa na mpimaji kiingie. Sisi ni nani tuchague?"

Hayo maneno, mjukuu wangu alisema, yashike, yatarudi.

Nikamuuliza jedwali lenyewe lina ukubwa gani. Akahesabu kwa vidole: vituo themanini, kila kituo miaka thelathini na moja, kwa sababu huo ndio umri wa kituo kichanga kuliko vyote, ambacho ni namba themanini, ambacho ni chetu. Kila siku mstari wake. Inakuja kama mistari laki tisa. Kila mstari visanduku vinane.

"Zaidi ya visanduku milioni saba, Bibi."

"Na vyote vimepigwa mistari pande nne?"

"Pande nne. Na rangi."

Jumatatu akaiwasha programu yake. Feni ya kompyuta ikaanza kulia kama inakoboa mahindi. Ikafika kituo cha ishirini na mbili, skrini ikaganda. Hakuna kishale, hakuna herufi, hakuna faili. Maana, alinieleza, faili la namna hiyo likifia njiani halikuachii hata ukurasa wa kwanza. Ni kama hujawahi kuamka siku hiyo.

Wakamwita fundi wa kompyuta. Huyu wanamwita Zima-Washa, na sihitaji kueleza kwa nini. Akaja, akakunja mikono ya shati kama daktari, akazima, akawasha.

"Tatizo limekwisha," akasema.

Ikaganda tena palepale. Kufikia Jumanne mchana alikuwa amezima na kuwasha mara tisa, na kila mara alisema tatizo limekwisha.

"Lakini ilikuwa inaugua nini?" nikauliza.

"Meza ilijaa, Bibi. Kompyuta ina kabati na ina meza. Kabati ni kubwa, linatunza vitu hata umeme ukikatika. Meza ndiyo kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, na ni ndogo. Programu yangu ilikuwa inatandaza mistari yote mezani, yote laki tisa, ndipo mwishoni iibebe kwa mpigo mmoja iitie kabatini. Meza ikijaa, inaanza kuhamisha vitu huku na huku kutafuta nafasi, mpaka haifanyi kazi nyingine."

"Na nani alikufundisha kutandaza hivyo?"

"Kila mtu anatandaza hivyo! Mistari mia mbili haina neno. Hii ilikuwa laki tisa."

Usiku wa kuamkia Jumatano alilala na tatizo hilo moyoni, na asubuhi akaanza kupekua programu yake mstari kwa mstari. Akakuta kitu cha kwanza. Akaona haya hata kunisimulia.

"Unakumbuka Rula alisema kila kisanduku kipakwe rangi yake chenyewe? Mimi niliandika hivyohivyo alivyosema. Programu ikifika kwenye kisanduku, inafungua kopo jipya la rangi, inapaka, inaliacha kopo mezani. Kisanduku kinachofuata, kopo jingine. Rangi ni nne tu, Bibi. Makopo yalikuwa milioni saba."

Nilicheka mpaka nikashika meza yangu mwenyewe. "Hata fundi rangi mlevi hafanyi hivyo!"

"Ni kwa sababu hasimamiwi na Rula."

Akarekebisha: makopo manne, yafunguliwe mara moja mwanzoni, visanduku vyote vichovye humo. Programu ikafika kituo cha arobaini na saba kabla ya kuganda. Akatafuta tena, akaona kwamba hata katika kuzisoma rekodi kutoka ghala la idara, ambako fomu za wapimaji zilikwisha kunakiliwa, alikuwa anaziagiza zote zije kwa pamoja. Akabadili zije elfu moja moja. Ikafika hamsini na nane. Ikaganda.

Hapo Rula akamwita. Mezani kwake palikuwa na barua iliyokwisha kupigwa mhuri.

"Binti, umejitahidi. Ninalo jedwali la vituo arobaini vya mwanzo, tulilitengeneza mwaka jana kidogo kidogo kwa mkono. Mistari imenyooka. Ijumaa tutatuma hilo."

"Na arobaini vilivyobaki, Mzee?"

"Vilivyobaki havikuenea. Wapimaji wenyewe ni wazee, watapumzika."

Mjukuu wangu aliitazama ile barua ya mhuri. Ofisi nzima hakuna aliyejua kwamba mpimaji wa kituo cha themanini ni babu yake. Hakutaka waseme anafanya kazi kwa ajili ya ukoo.

Zima-Washa, ambaye alikuwa mlangoni anasikiliza, akasema, "Si watengeneze mafaili themanini madogo?"

"Barua inasema faili moja," Rula akajibu. "Ukiambiwa ulete ng'ombe, utaleta vikombe themanini vya supu?"

"Basi nizime niwashe."

"Toka."

Alhamisi ndiyo alipopata dawa. Kumbe kuna namna nyingine ya kuandika hayo majedwali, ipo siku zote, haitumiwi sana kwa sababu ina masharti. Programu inaandika mstari mmoja, inaukabidhi kabatini palepale, inausahau. Unakuja wa pili, unakwenda, unasahauliwa. Meza daima ina mstari mmoja tu juu yake. Laki tisa au milioni, mezani kunabaki kweupe.

"Sharti lake ni lipi?" nikauliza, maana dawa isiyo na sharti sijaiona.

"Hairudi nyuma. Mstari ukishaondoka umeondoka. Huwezi kuurekebisha, huwezi kuufuta, huwezi kuubadilisha rangi. Hata upana wa kolamu lazima useme kabla ya mstari wa kwanza."

Sasa mchukue mtu kama Rula. Maneno anayoyapenda kuliko jina lake ni "rudi nyuma kidogo". Barua ya mistari mitatu huiandikisha mara kumi na moja. Na mjukuu wangu anamwendea na kalamu na karatasi, anamwambia: Mzee, sema sasa hivi kila unachotaka, baada ya hapo hakuna.

"Kolamu ya Maelezo upana gani?"

"Tutaona."

"Hakuna tutaona, Mzee."

"Weka ishirini. Hapana, thelathini. Tukiona ni pana tutarudi nyuma kidogo."

"Haturudi."

Rula akafungua kifungo cha kola. "Jumla ya mvua ya kila kituo nataka ikae juu."

"Jumla haijulikani mpaka siku ya mwisho isomwe. Itakaa chini."

"Acha nafasi juu, ukimaliza urudi uijaze."

"Mzee."

"Chini?" akasema Rula, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa avae suruali kichwani. "Jumla, chini?"

Walibishana mpaka mlinzi akaja kufunga ofisi. Ijumaa asubuhi wakaendelea, safari hii kuhusu buluu, ambayo Rula aliona imezidi kuwa buluu. Mjukuu wangu alipobonyeza kitufe cha kuanza ilikuwa saa nne na dakika tano. Kazi yenyewe ilitaka saa moja na dakika arobaini. Piga hesabu mwenyewe: saa sita kasoro robo. Nafasi ya kuanza upya haikuwepo.

Na ili waone inavyokwenda, alikuwa ameiagiza programu iwaonyeshe kwenye skrini mstari mmoja katika kila elfu. Mmoja tu, kama mtu anayeonja mchuzi.

Ikaanza. Kimya. Feni haikulia hata kidogo.

Kituo cha kumi. Cha ishirini na mbili, pale ilipogandia Jumatatu, ikapita kama haijui. Mistari ya kuonja ikawa inapanda: Maelezo, hakuna. Maelezo, mawingu. Maelezo, hakuna. Kituo cha thelathini na nne mpimaji aliandika: ng'ombe amekunywa maji kabla sijapima. Rula akakunja uso, lakini akasema, "Ni ukweli huo."

Kituo cha sitini, Zima-Washa akaingia na kikombe cha chai. Akasimama. Akatega sikio.

"Mbona kimya?" akasema. "Imekufa hii."

"Haijafa. Ni nzima."

"Kompyuta inayofanya kazi nzito hulia. Hii imekata roho." Na kidole chake, kwa mazoea ya miaka, kikaanza safari kuelekea kitufe cha kuzimia.

Mjukuu wangu aliniapia kwamba hakupanga. Mkono ulinyanyuka wenyewe ukamchapa fundi kidole, chai ikamwagika kwenye viatu. Rula, ambaye hajawahi kusema neno zuri juu ya kijana yeyote, akatoa rula yake ya chuma mfukoni, akailaza juu ya kitufe, akaishikilia upande wa pili kwa kiwiko.

"Kaa pale," akamwambia Zima-Washa. "Kalia mikono yako."

Zima-Washa akakalia mikono yake.

Saa tano na dakika arobaini na tatu wakaingia kituo cha themanini. Mjukuu wangu akasogeza kiti. Mstari wa kwanza wa kuonja ukatokea:

*Mvua 0. Jua kali. Mke wangu amenuna.*

Rula akasogeza miwani. "Ni nini hiki?"

Ukaja wa pili.

*Mvua 12. Radi alasiri. Mke wangu hakununa ila hasemi.*

"Mke wa nani?"

*Mvua 0. Mawingu. Mke wangu ameimba akiosha vyombo. Nyimbo mbili.*

Hapa jikoni kwangu nilikuwa nimekwisha kusimama. "Unasemaje wewe?"

"Kaa, Bibi, bado."

"Nimenuna lini mimi? Mimi sinuni!"

"Kaa."

*Mvua 31. Mke wangu alisema jana itanyesha, nikabisha. Leo hajasema kitu. Afadhali angesema.*

Zima-Washa alikuwa anatikisika kitini, machozi yanamtoka, na mikono ameikalia hana cha kujifutia. Rula alikuwa amekuwa kijivu kama siku kavu.

"Simamisha," akasema. "Rudi nyuma. Futa."

"Hairudi nyuma, Mzee. Na nikisimamisha, faili lote linakufa. Vyote themanini."

"Kituo hiki kina mistari mingapi?"

"Elfu kumi na moja na mia tatu na ushee."

"Na yote ina mke wake ndani?"

"Tunaona mmoja katika elfu moja, Mzee. Katika minne tuliyoona, yumo katika minne."

Rula akaingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa kijiti cha kuhifadhia faili, chenye jedwali la vituo arobaini. Safi, mistari imenyooka, hakuna mke wa mtu. Akakiweka mezani mbele yake. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa sita kasoro robo.

"Binti," akasema taratibu, "nikituma hili, nimetuma nusu, lakini ni nusu yenye heshima. Nikituma hilo lako, Mkurugenzi atafungua na kukuta mwanamke amenuna miaka thelathini na moja kwa wino wa kijani."

Hapo mjukuu wangu akapiga moyo konde.

"Mzee, mpimaji huyu ni babu yangu. Na huyo aliyenuna ni bibi yangu."

 Hata Zima-Washa akaacha kutikisika.

Rula akageukia skrini. Kisha akauliza swali ambalo mjukuu wangu hakulitegemea.

"Njano ngapi?"

"Mzee?"

"Njano. Siku ambazo hakuandika. Si uliniwekea hesabu yake pale pembeni?"

Kweli aliiweka, Rula mwenyewe ndiye aliyeilazimisha. Wakatazama. Kituo cha kwanza, njano mia nne na sita. Cha pili, mia tisa. Yule wa ng'ombe, elfu moja na zaidi. Programu ikaandika mstari wake wa mwisho, na hesabu ya kituo cha themanini ikatokea.

Njano, sifuri.

Rula akavua miwani. Mzee huyu, alisema mjukuu wangu, amepiga mistari kwenye madaftari miaka arobaini, na kila alipopiga kisanduku alijua kuna mtu mahali fulani atakiacha kitupu. Akavaa miwani tena, akaangalia ile sifuri kwa karibu, kama Babu anavyoinamia gilasi.

"Hakuna kisanduku kitupu," akasema. "Hata kimoja." Akachukua kile kijiti chake akakirudisha mfukoni. "Tuma lako. Akiuliza, nitasema mimi ndiye niliyeagiza Maelezo yaingie. Kwani si mimi?"

Faili likaondoka saa sita kasoro dakika kumi.

Saa nane simu ililia mezani kwa Rula. Alisimama kuipokea, akajifunga kola, akamwashiria mjukuu wangu asogee asikie. Ni Mkurugenzi mwenyewe, mama mmoja mwenye sauti ya kukatia karatasi.

"Kituo namba themanini," akasema. "Nimesoma Maelezo yake tangu saa saba. Sijala."

"Mama, naomba radhi, tunaweza kurudi nyuma kidogo, tuka..."

"Usiguse. Vituo vingine vinaandika *hakuna* miaka thelathini. Sijui hata kama kuna mtu alifungua kopo au alijaza fomu akiwa kitandani. Huyu alikuwepo, na macho yamefunguka. Kituo kinabaki. Vyote themanini vinabaki. Ila nina swali. Mwaka wa sita kuna siku arobaini ambazo mke hanuni, haimbi, hayumo kabisa. Kuna maneno mawili tu, kila siku. Alikuwa wapi?"

Rula akamtazama mjukuu wangu. Mjukuu wangu hakujua. Akaenda kutazama zile siku, akaona tarehe, akajua.

Alipofika hapo aliacha kucheka. Akafungua mkoba, akatoa karatasi aliyokuwa ameichapisha, akanisogezea. Kusoma kwangu ni kwa taratibu, lakini hapo hapakuhitaji mbio.

*Mvua 5. Nyumba kimya.*

*Mvua 0. Nyumba kimya.*

*Mvua 0. Nyumba kimya.*

*Mvua 18. Nyumba kimya.*

Chini mpaka mwisho wa ukurasa. Ni siku zile nilipokwenda kumkanda mkwe wangu, mama yake huyu, alipojifungua. Aliyezaliwa ni yeye mwenyewe, huyu aliyekaa kwenye kigoda changu. Nilikaa siku arobaini. Niliporudi nilimkuta Babu mlangoni, akasema tu, "Umerudi?" nikajibu, "Si unaniona?" na nadhani siku hiyo nilinuna, maana nyumba nilikuta haijafagiwa.

"Bibi," akasema, "unalia?"

"Ni vitunguu."

"Hujavikata bado."

Mlango wa uani ukalia. Babu akaingia na daftari kwapani na gilasi mkononi. Akamwona mjukuu wake, akasimama pale pale kizingitini. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, palipo na barua.

"Mchumba," akasema. "Umekuja mapema."

"Kituo kinabaki, Babu. Faili limefika, wewe umo. Namba themanini. Hakuna siku uliyokosa."

Babu akaketi. Hakuketi kwenye kiti chake, aliketi kwenye gunia la mkaa, ndilo lililokuwa karibu. Akatoa ile barua, akaikunjua, akaikunja tena, hajui aiweke wapi sasa. Nikaichukua nikawashia jiko.

Nikamwachia apate pumzi. Halafu nikashika kiuno.

"Sasa wewe mzee. Miaka thelathini na moja unaniandika serikalini?"

Akamtazama mjukuu. Mjukuu akatazama dari.

"Nani kasema?"

"*Mke wangu amenuna.* Kwa wino wa kijani! Mkurugenzi kasoma, hajala!"

"Lakini kwenye fomu pameandikwa Maelezo," akasema Babu, anajitetea kama mtoto. "Siku ya kwanza nilimuuliza yule mkaguzi, maelezo ya nini? Akasema, eleza hali ya mahali kipimo kilipo. Mahali kipimo kilipo ni hapa nyumbani. Hali ya hapa nyumbani ni wewe."

"Mimi?"

"Mvua naipima kwa gilasi. Wewe huna gilasi, lazima niandike kwa maneno."

Mjukuu wetu akajifunika uso kwa mkoba. Mimi nikageukia vitunguu.

"Na haiwezi kufutwa?" Babu akamuuliza mjukuu kwa sauti ndogo, akidhani sisikii. "Yale ya mwaka wa kumi na mbili hasa. Mwezi wa nne."

"Haifutiki, Babu. Hairudi nyuma."

"Mwaka wa kumi na mbili kulikuwa na nini?" nikauliza.

"Mvua kubwa," akasema Babu haraka.

Mjukuu alikunywa chai vikombe viwili, akala, akaingia chumbani kwangu kujinyoosha, na dakika moja baadaye tulimsikia anakoroma. Babu akahamia kwenye kiti chake dirishani, kile kinachoelekea uani. Akafungua daftari magotini, maana kwa yote hayo alikuwa bado hajamaliza mstari wa siku hiyo. Akaandika polepole, akafunga. Nikaendelea na vitunguu. Nilipogeuka tena, kidevu kilikuwa kimezama kifuani na miwani imeteleza hadi ncha ya pua.

Nikaenda kwa ncha za vidole. Nikamvua miwani. Daftari nikalifungua, kwani sasa ni siri ya nani?

*Mvua 6. Mawingu yanaondoka. Mke wangu amejua.*

Nikalirudisha magotini pake lilipokuwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linaingia dirishani lote, kuku wanapiga kelele nje ya wavu, na mzee amelala.